Rolandseck: Stesheni Iliyookolewa na Wasanii

Waliojenga reli kati ya Köln na Bonn walijua mahali pa kutafuta faida. Mwaka 1856 reli yao ilipofika Rolandseck, kijiji kilicho kando ya Mto Rhine kusini mwa Bonn, iliishia hapo. Msafiri wa kwenda mbele alishuka na kungoja meli ya mvuke, na anayengoja hula, hunywa na kulipa. Kampuni ikajenga stesheni kubwa mno kwa kijiji hicho, yenye ukumbi wa sherehe na roshani zinazotazama mto na vilima vya Siebengebirge ng'ambo yake. Matajiri wa Köln wakapageuza mahali pa matembezi. Johannes Brahms na Franz Liszt ni miongoni mwa wanamuziki waliofika.

Manufaa ya kuwa mwisho wa reli hayakudumu. Mwaka 1858 njia ilirefushwa hadi Koblenz, na treni zikaanza kupita.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, Shirika la Reli la Ujerumani Magharibi liliona jengo hilo ni gharama tupu, likataka kulibomoa. Aliyelinusuru ni Johannes Wasmuth, mfanyabiashara wa sanaa, aliyeingia mwaka 1964. Bonn ilikuwa makao makuu ya serikali, kwa hiyo mabalozi, mawaziri na wapenda sanaa wenye fedha walikuwa jirani. Wasmuth akaleta wachoraji, wachongaji na wapiga piano, Hans Arp na Oskar Kokoschka wakiwamo. Watu wakarudi stesheni, safari hii kwa ajili ya tamasha na maonyesho.

Mwaka 2007 jumba jipya la makumbusho, lililopewa jina la Arp na kusanifiwa na Mmarekani Richard Meier, lilifunguliwa mlimani nyuma ya stesheni. Mgeni wa Jumba la Makumbusho la Arp huingilia katika stesheni ya zamani, hupita handakini, kisha hupanda lifti. Ndani ya stesheni kuna mgahawa, na treni za abiria za njia ya Köln–Mainz bado husimama nje.

Stesheni nyingi ndogo za Ujerumani hazikupata mlezi wa namna hiyo. Baada ya mageuzi ya 1994 yaliyozaa kampuni ya Deutsche Bahn, majengo mengi yaliuzwa. Hesabu yake ni rahisi: kampuni za treni hulipa ada kila treni inaposimama, na ada hiyo huenda kwa mwenye jukwaa la abiria. Mashine za tiketi zilipochukua nafasi ya karani, jengo lilibaki na paa la kukarabati bila pato. Anayelinunua hapati senti ya ada ile. Lazima atafute wateja wake mwenyewe.

Leutkirch, mji wa Allgäu, ulipata jibu jingine. Mwaka 2010 wakazi waliunda ushirika, wakachanga mtaji na kuikarabati stesheni yao ya mwaka 1889. Leo ina ofisi za kupangisha na baa inayopika bia yake yenyewe, na wanachama wenyewe ni wateja.

Rolandseck inapendeza zaidi, lakini makumbusho yake yanabebwa na fedha za jimbo la Rhineland-Palatinate, mfuko ambao miji midogo mingi haina. Kwa halmashauri inayotaka kuiga, Leutkirch ndiyo mfano wa kuanzia.