Vanila ya Mwitu ya Ukingo wa Mikoko

Katika mimea ya pwani yetu ya kusini iliyonyimwa haki yake ya kutazamwa, mmoja ni vanila ya mwitu, Vanilla roscheri kwa wataalamu, ambayo ni katika aila ya okidi, ndugu khasa wa vanila itiwayo katika keki na aiskrimu. Atokaye Shangani, mjini Mtwara, akashika njia ya Msimbati kuelekea mlango wa mto Ruvuma, akafika pale mikoko inapokoma na vichaka vya nchi kavu vinapoanza, huenda akaipita akidhani ni kamba ya kijani iliyosahauliwa na wakata boriti. Kwani shina lake, ambalo unene wake ni kadiri ya kidole, hupanda mitini bila ya jani la kuhesabika.

Ukosefu huo wa majani si maradhi, bali ni hikima ya maumbile. Mvua za Mtwara ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu. Na mmea wenye majani mapana sharti upoteze maji mengi kwa majani hayo. Huu umeyaacha yakawa vigamba vidogo vinyaukavyo mapema, na kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua umelitwika shina, ambalo ndilo ghala ya maji pia. Mizizi yake huushika mti kwa kuegemea tu, na wanaodhani kuwa inaunyonya wanausingizia.

Jina lake ni kumbukumbu ya Albrecht Roscher, msafiri wa Kijerumani aliyetoka Kilwa mwaka 1859 akafika Ziwa Nyasa, akauawa mwaka uliofuata.

Maua yake ni meupe, yenye kunukia, nayo hayadumu. Kama ilivyo katika jamaa zake, kijiutando hutenga chavua na mahali inapotakiwa kufika. Na utando wa namna hiyo ndio uliowashinda wakulima walioileta vanila ya Meksiko katika visiwa vya Bahari ya Hindi, mpaka mwaka 1841, kisiwani Réunion, Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, alipouinua kwa kijiti akaikutanisha chavua na mahali pake kwa kidole gumba. Hata leo vanila ya Kagera na ya Unguja hutungishwa kwa mkono vivyo hivyo. Fauka ya hayo, ya shambani huzidishwa kwa vipandikizi, hata ikawa karibu nasaba moja, na maradhi ya kuoza mizizi yakiingia hayabagui. Kwa hiyo ndugu wa mwitu astahimiliye kiangazi ni akiba ambayo, kwa rai yangu, thamani yake yazidi ya boriti zote za ukingo ule.

Tangu mwaka 2000 sehemu kubwa ya pwani hiyo imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Walakini sheria haiwezi kusimama katika kila kichaka. Basi nawaomba wasafishao mashamba karibu na mikoko wauache ukanda mwembamba wa miti ukingoni, wala wasiikate kamba hiyo ya kijani.