Mizani ya mwili hufundishika

Mzee akianguka bafuni, jamaa husema ni uzee tu. Ni kauli ya huruma, lakini ndani yake mna kukata tamaa kusiko na msingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni waliopita miaka 60. Kuanguka kungekuwa kama mvi, kitu kinachokuja na umri hata ufanyeje, mazoezi yasingefua dafu. Lakini yanafua, na taichi ya Wachina imeonyesha hivyo kwa vipimo.

Mwaka 2018 watafiti wa Oregon, Marekani, walitoa matokeo ya wazee 670 waliokwisha kuanguka au waliotembea kwa shida. Walifanya mazoezi saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24. Waliofundishwa taichi iliyorekebishwa kwa ajili ya mizani walianguka pungufu kwa asilimia 58 kuliko walionyoosha viungo tu, na kwa asilimia 31 kuliko waliochanganya mazoezi ya nguvu, pumzi na mizani. Tusitie chumvi: uchambuzi mpana wa Cochrane, shirika la utafiti wa afya, wa mwaka 2019, uliounganisha majaribio kadhaa, ulikuta taichi ikipunguza idadi ya wanaoanguka kwa takriban asilimia 20. Hata hivyo, mzee mmoja kati ya kila watano ambao wangeanguka akibaki wima, hilo si jambo dogo kwa familia inayojua maana ya nyonga iliyovunjika.

Siri iko katika hatua yenyewe. Goti limelegezwa kidogo. Kisigino kinagusa ardhi kikiwa kitupu, hakijabeba kitu. Kisha unyayo unalala, na ndipo uzito unahama polepole kama maji yanayomiminwa kutoka mtungi mmoja hadi mwingine. Mguu wa nyuma hauinuliwi mpaka wa mbele umeshika mzigo wote. Wakati huo macho, sikio la ndani na neva za nyayo zinapelekea ubongo habari, na misuli midogo ya kifundo inasahihisha kila myumbo. Haya hayakubuniwa hospitalini. Taichi ni sanaa ya kupigana iliyokuzwa katika kijiji cha Chen, mkoani Henan, ambako Yang Luchan alijifunza kabla ya kuipeleka Beijing katika karne ya 19, na mpiganaji aliyepoteza mizani amekwisha kushindwa. Mwaka 1956 China ilitoa mfululizo mfupi wa mikao 24 ili mwananchi wa kawaida aumudu.

Wapo wanaouliza: sisi tunatembea kutwa, ya nini kujiburuza kama kinyonga? Kutembea kunaufaa moyo, lakini ushahidi kwamba kutembea peke yake kunazuia kuanguka ni dhaifu. Mwendo wa haraka hubebwa na kasi yake, nayo huficha udhaifu wa mguu. Ukienda taratibu, huna pa kuuficha. Wengine wanahofia imani, kwa sababu walimu huzungumzia nishati iitwayo chi. Hofu hiyo naiheshimu, ila wazee wa Oregon walipimwa kwa idadi ya maanguko, si kwa itikadi, na mtu anaweza kujifunza kuhamisha uzito bila kukiri falsafa yoyote.

Kuna faida nyingine ambayo naithamini kuliko zote. Aliyeanguka mara moja huogopa. Akiogopa hajitokezi nje, miguu inadhoofu, anaanguka tena. Utafiti wa Atlanta wa mwaka 1996, uliohusisha watu 200 wa miaka 70 na zaidi, ulikuta taichi ikipunguza pia hofu hiyo. Kujiamini kwa namna hii hakuletwi na maneno ya kutiana moyo. Huanzia nyuma ya kiti kizito, mkono mmoja ukiegemea mgongo wake, kisha vidole viwili, kisha kimoja, mpaka siku kiti kitakaposogezwa kando.