Kigogo na mchimba kaburi

Mpenzi msomaji, wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi. Vijana wa kijiweni kwetu wananiuliza, eti makala inanogaje mpaka msomaji anapitilizwa kituo na daladala? Jibu langu fupi: chukua vitu viwili vyenye tofauti ya mbingu na ardhi, viweke jirani, halafu wewe kaa pembeni.

Waswahili mbinu hii tunaijua zamani. Ukisema "mwenye shibe hamjui mwenye njaa" huna haja ya kuhubiri. Watu wawili umeshawasimamisha, mambo yanajieleza yenyewe.

Kwenye magazeti, aliyenikuna kuliko wote ni Mmarekani Jimmy Breslin wa New York Herald Tribune. Rais John F. Kennedy aliuawa kwa risasi mjini Dallas, Novemba 22, 1963, akazikwa Novemba 25 katika makaburi ya Arlington. Mazishi yalijaa wakubwa watupu: Jenerali Charles de Gaulle wa Ufaransa, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia na wengine kibao. Waandishi wakawakodolea macho hao hao. Breslin yeye akamtafuta mchimba kaburi!

Jamaa aliitwa Clifton Pollard, miaka 42, mshahara wake dola 3.01 kwa saa. Aliitwa kazini Jumapili, akalichimba kaburi la rais, tena akaona ni heshima kwake. Wakati wa maziko yenyewe, Pollard alikuwa upande mwingine wa makaburi anachimba mengine, kwa dola zile zile 3.01. Baadaye alijaribu kwenda kuliona kaburi lile, askari akamwambia hawezi kupita, watu wamejaa.

Umeona mambo hayo? Ile 3.01 peke yake inatosha. Huhitaji kuambiwa kwamba rais na kibarua wote mwisho wao ni udongo. Unalijua mwenyewe.

Sasa sisi wengi tunapachafua hapo hapo. Unaandika harusi ya kigogo hotelini, aya ya mwisho unamchomeka ombaomba wa getini. Hana jina, hana umri, hana neno lolote alilosema. Huyo umemfanya pambo, kama yale maua ya ukumbini. Pollard alikuwa na jina, mke, mshahara na msimamo wake. Ndiyo maana anakumbukwa mpaka leo.

Na jambo jingine, usiupike umaskini wa mtu ili tofauti ikolee. Kama muuza karanga ana kibanda na watoto wanasoma, andika hivyo hivyo. Uongo wa huruma nao ni uongo.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kalamu, kabla hujapeleka makala kwa mhariri jiulize: yule mlalahoi akisomewa kijiweni kwake mbele ya wenzake, atasema "huyu ni mimi", au atainamisha kichwa kwa aibu? Akiinamisha, chana karatasi, rudi ukamuulize jina.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.