Pengo la Jino na Daraja Lake

Wananchi wengi wanaofika katika vyumba vya huduma ya kinywa na meno hapa nchini huwa wamekwisha kuamua kabla ya kuketi kwenye kiti: jino ling'olewe. Wamevumilia maumivu kwa majuma, wamejaribu karafuu, maji ya chumvi na vidonge vya dukani, na siku wanapopata nafasi ya kuacha shamba au mifugo wanataka shida iishe siku hiyohiyo. Jino hung'olewa, maumivu hukoma, na mgonjwa hurudi Malampaka akiwa ameshukuru. Jambo ambalo mara nyingi halizungumzwi siku hiyo ni pengo linalobaki.

Meno hayakai kinywani kama misumari iliyopigwa kwenye ubao. Kila jino limeshikwa mfupani kwa nyuzi laini sana, na husimama mahali pake kwa sababu linazuiwa na jirani zake wa kushoto na kulia, na jino la taya la pili linalokutana nalo wakati wa kutafuna. Likiondolewa moja, mizani hiyo huvurugika. Jino la nyuma ya pengo huanza kuinama kuelekea mbele. Jino la taya la pili, lililokosa mwenzake wa kugongana naye, huweza kurefuka taratibu likaingia katika nafasi iliyo wazi. Mfupa uliokuwa umelishika jino lililong'olewa nao husinyaa, na sehemu kubwa ya kusinyaa huko hutokea ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mtu anayesubiri miaka kumi kabla ya kuuliza habari ya kuziba pengo huuliza habari ya pengo jingine kabisa, lenye nafasi finyu zaidi na kuta zilizolala.

Hata hivyo si kila pengo linadai kuzibwa, na hili halina budi kusemwa mapema, kwa maana wapo wauzaji wa huduma wasiopenda kulisema. Mwaka 1981 mtaalamu wa meno wa Uholanzi, Arnd Käyser, alieleza kwamba mtu aliyepoteza baadhi ya magego ya nyuma anaweza kuendelea kula vizuri mradi meno ya mbele na magego madogo yamebaki mazima. Wazo hilo lilipimwa hapa Tanzania. Mtafiti P. T. N. Sarita, pamoja na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, alichunguza uwezo wa kutafuna wa Watanzania waliopungukiwa na magego, na matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Waliobaki na magego madogo yote, na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, walitafuna vyema kwa mahitaji yao. Waliobaki na jozi chache sana, au upande mmoja tu, ndio waliolalamika hasa kuhusu vyakula vigumu. Mlaji wa michembe, karanga, muwa na nyama ya ng'ombe mzee anaelewa tofauti hiyo bila kuhitaji maelezo marefu. Mtu aliyepoteza gego moja la mwisho na anakula bila taabu anaweza kuambiwa na daktari mwadilifu aende nyumbani na kutunza yaliyobaki.

Meno ya mbele ni habari nyingine. Hapo kinachopotea si kutafuna tu. Herufi kama f na v hutamkwa kwa meno ya juu kugusa mdomo wa chini, na nyingine huhitaji ulimi ukutane na meno. Mwenye pengo hapo hulisikia kila anapotaja fedha, thamani au dhahabu. Zaidi ya sauti kuna aibu. Mtu hujizoeza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, na mwishowe huacha kusema mkutanoni. Aibu hiyo ni sababu halali ya kutafuta tiba.

Daraja la meno limepewa jina lake kwa haki. Msafiri wa treni atokaye Tabora kwenda Mwanza, akipita Malampaka, huvuka madaraja yaliyojengwa juu ya mito ya msimu. Uzito wa mabehewa haubebwi na hewa iliyo chini ya reli. Hubebwa na nguzo za pande mbili. Ndivyo ilivyo kinywani. Meno mawili yaliyo kandokando ya pengo hugeuzwa nguzo, na kila moja huvikwa kofia ngumu. Baina ya kofia hizo huunganishwa jino la bandia lisilo na mzizi, ambalo hukaa juu ya ufizi bila kuukandamiza. Vipande vyote vitatu ni kitu kimoja, na hugandishwa kwa saruji maalumu ya meno. Mwenyewe hawezi kukivua usiku, na akikizoea husahau kwamba kipo. Hutengenezwa kwa madini, kwa kauri iliyopakwa juu ya madini, au kwa kauri ngumu iitwayo zirkonia.

Ustadi huu si mgeni duniani. Waetruski, waliokaa Italia kabla ya dola la Warumi, walifunga meno ya kubandika kwa mikanda ya dhahabu zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivaa meno ya bandia ambayo sehemu yake ilichongwa kwa pembe ya kiboko, na hayakumpa raha hata kidogo. Viboko wa Ziwa Viktoria wana bahati kwamba kauri iligunduliwa.

Sasa gharama, na gharama ya kwanza si fedha. Ili kofia ikae, jino la nguzo hulazimika kuchongwa pande zote. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 2002 vilionesha kwamba kulitayarisha jino kwa kofia kamili huondoa kati ya asilimia 63 na 72 ya sehemu yake inayoonekana juu ya ufizi. Kilichochongwa hakirudi. Ikiwa meno jirani yamekwisha kuoza na kuzibwa mara kadhaa, kofia huyasaidia, na daraja ni tiba nzuri. Lakini ikiwa ni meno mazima yasiyo na doa, mgonjwa anatoa meno mawili yenye afya kulipia moja lililokwenda. Baadhi ya meno yaliyochongwa hivyo hufa ndani baadaye, yakahitaji tiba ya mzizi. Swali ambalo mgonjwa anastahili kuliuliza kabla ya ganzi kuchomwa ni hili: meno yangu ya nguzo yana hali gani leo, na yatakuwa na hali gani baada ya miaka kumi?

Kwa sababu hiyo mafundi walitafuta njia ya kupunguza kuchonga. Mwaka 1973 Mfaransa aitwaye Rochette alieleza namna ya kubandika bawa jembamba la madini nyuma ya meno kwa gundi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, wakaiendeleza njia hiyo hata daraja la namna hiyo likachukua jina la chuo chao. Jino la bandia hushikiliwa na mabawa hayo, na majirani hukwaruzwa kidogo tu. Linafaa hasa kwa jino moja la mbele. Lakini gundi hiyo hutegemea gamba la nje la jino liwe zima, na hapa ndipo maji ya kunywa yanapoingia katika hadithi. Visima katika sehemu kadhaa za Kanda ya Ziwa na za kaskazini mwa Tanzania vina floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu kiwango cha juu kuliko hicho, kwa kuwa maji mengine hayakupatikana kwa urahisi. Mtoto anayekunywa maji ya namna hiyo meno yakiwa bado yanaumbika taya­ni huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia, na yaliyoathirika sana humeguka. Gamba la jino kama hilo halishiki gundi vizuri. Mwenye meno ya rangi hiyo amwoneshe daktari wazi na kumwambia alikokulia, kwa maana jibu hilo linaweza kubadili tiba yote.

Wapo watu ambao daraja halina budi kusubiri kwao. Ufizi unaotoa damu kila asubuhi hutibiwa kwanza, kwani nguzo iliyosimama kwenye mchanga haibebi kitu. Mwenye ugonjwa wa kisukari usiodhibitiwa huponya vidonda polepole na hupoteza mfupa upesi. Sukari itulie kabla. Vijana wasiotimiza takriban miaka 18 bado taya zao zinakua, na kiini cha jino lao ni kipana, hivyo kuchonga ni hatari. Katika kundi hili wamo watoto waliopoteza chonge kwa imani ya meno ya plastiki. Imani hiyo, iliyoenea Tanzania tangu miaka ya 1980, hudai kwamba homa na kuhara kwa mtoto mchanga hutokana na meno mabaya yaliyojificha ufizini, nayo hufukuliwa kwa kisu au sindano ya baiskeli. Kinachofukuliwa ni chipukizi za meno ya kawaida. Mtoto huweza kupoteza damu nyingi au kupata maambukizi, na aliyepona huweza kukua bila chonge za kudumu, au nazo zikiota zimepinda. Mtoto mwenye homa na kuhara hupelekwa kwenye zahanati, apewe maji ya chumvichumvi na achunguzwe malaria.

Kwa mkazi wa Malampaka, njia ya huduma huanzia karibu. Uchunguzi, kusafisha, kung'oa na ushauri ni kazi ya wataalamu wa kinywa na meno wa ngazi ya wilaya, na rufaa huweza kuelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Bariadi au Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Daraja lenyewe hutaka daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, pamoja na maabara ya meno, na maabara hizo ziko zaidi katika miji mikubwa. Safari basi si moja. Ya kwanza ni ya uchunguzi na picha ya eksirei, ili mizizi na mfupa vionekane. Ya pili ni ya kuchonga chini ya ganzi na kuchukua chapa ya meno kwa unga laini unaoganda mdomoni. Mgonjwa huondoka na daraja la muda la plastiki. Rangi huchaguliwa siku hiyo kwenye mwanga wa mchana na mapema, kabla kinywa hakijakauka, kwa kuwa jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Ya tatu, baada ya siku kadhaa au majuma mawili hivi, ni ya kujaribisha na kugandisha. Daktari humwambia mgonjwa ang'ate karatasi yenye wino ili aone mahali panapogongana kupita kiasi, na mgonjwa asione haya kusema kwamba bado anahisi kitu kirefu. Anayepanga safari hizo baada ya kuuza pamba aulize bei mapema: kwa kawaida huhesabiwa kwa kila kipande, na daraja la jino moja lililokosekana ni vipande vitatu. Mwanachama wa bima ya afya naye aulize kabla ya kupanda gari iwapo kitita chake kinagusa meno ya bandia, maana kung'oa na kuziba si sawa na kurejesha.

Kwa asiyemudu, kipo kibao cha plastiki chenye meno, kinachovaliwa na kuvuliwa. Hakichongi jino lolote na bei yake ni ndogo zaidi. Huchukua nafasi mdomoni, hutikisika mwanzoni, na hutakiwa kulala ndani ya maji usiku wala si mdomoni. Upande wa pili wa mizani kuna mzizi wa bandia wa titani unaopandikizwa mfupani, kazi iliyoanza kufanywa kwa binadamu na Per-Ingvar Brånemark huko Sweden mwaka 1965. Huacha majirani bila kuguswa, lakini gharama yake huwashinda wengi.

Daraja lililofanywa vizuri hudumu. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonesha kwamba takriban tisa kati ya kumi huwa bado yapo kinywani baada ya miaka kumi. Kinachoyaangusha mara nyingi si kauri bali kuoza kwa nguzo, mahali pale kofia inapokutana na jino, kwani daraja lenyewe haliozi ila jino lililo chini yake huoza kama zamani. Mswaki, uwe wa dukani au wa mti, husafisha juu. Chini ya jino la bandia hupita uzi wa meno ulioingizwa kwa kitanzi cha plastiki, au brashi nyembamba, kila jioni. Dalili za hatari ni harufu isiyoisha, ladha mbaya wakati wa kung'ata, na daraja linalocheza. Likitoka, lioshwe, lifungwe katika kitambaa safi na lipelekwe kwa daktari ndani ya siku chache. Wapo wanaolirudisha wenyewe kwa gundi ya viatu, na wapo mafundi wasio na usajili wanaopita minadani wakibandika meno kwa gundi hiyohiyo kwa bei ya kuvutia. Gundi hiyo huunguza ufizi na kufungia uozo ndani; na daktari anayelipokea jino hilo baadaye mara nyingi hana la kufanya ila kuling'oa, pamoja na nguzo yake.