Unafundisha mbwa kwa video? Mwanafunzi wa kwanza ni wewe!

GETI limeandikwa 'Mbwa Mkali', lakini ukiingia ndani unakuta hata mwenye nyumba anamwogopa mbwa wake. Mchana kutwa mnyama kafungiwa bandani, chakula anasukumiwa kwa fimbo, usiku anafunguliwa. Siku mlango wa banda ukisahauliwa wazi, na mtoto wa jirani kaingia kufuata mpira wake, hapo ndipo kasheshe inapoanza.

Mpenzi msomaji, siku hizi vijana wengi wamepata njia ya mkato: simu mkononi, bando la siku, halafu YouTube. Walimu wa mbwa wamejaa humo na wanafundisha bure. Si wazo baya hata kidogo. Tatizo ni kwamba mtu anaangalia video kumi mfululizo, anacheka, anazima simu, kesho yake anashangaa mbwa bado anawarukia wageni. Jamani, mbwa haangalii video! Anayefundishwa pale ni wewe.

CHAGUA MWALIMU

Si kila unachokiona ni cha kuiga. Mwaka 2004 Cesar Millan alianza kuvuma Marekani kwa kipindi chake cha televisheni, Dog Whisperer, akisisitiza kuwa mwenye mbwa lazima awe kiongozi wa kundi. Watu wakaiga, lakini wakalipuuza onyo lililokuwa kwenye kipindi hichohicho: usijaribu mwenyewe bila kumwona mtaalamu.

Na ile habari ya 'mbabe wa kundi' ilitokana na mbwa mwitu wa nchi za baridi. David Mech, Mmarekani aliyeieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1970, baadaye aliipinga mwenyewe. Mwaka 1999 aliandika kwamba kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao.

Kwa hiyo video ikikuonyesha kumpiga mbwa au kumkandamiza chini, ruka. Mbwa anayepigwa anajifunza kukuogopa, na mbwa mwenye woga ni mwepesi wa kung'ata.

FANYA HIVI

Angalia dakika mbili, weka simu chini, fanya. Anza na 'Kaa'. Kata nyama au firigisi vipande vidogo kama punje ya hindi. Shika kimoja mbele ya pua ya mbwa, kisha kipandishe polepole kuelekea kisogoni. Kichwa kikipanda, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, sema 'Safi!' na umpe papo hapo. Ukichelewa ukampa akiwa ameshasimama, umemlipa kwa kusimama! Hapo ndipo wengi wanapochemsha.

Mwambie mdogo wako akurekodi. Ukijitazama utaona mkono wako umechelewa wapi. Video hiyo moja itakufaa kuliko kumi za watu wengine.

Dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, zinatosha. Nyumba nzima itumie neno moja. Baba akisema 'Kaa' na dada akisema 'Keti', mbwa afuate lipi? Na kamwe usimwite 'Njoo' halafu ukampiga, maana siku ya hatari hatakuja.

Usikate tamaa ukiona wa kwenye video kaelewa kwa dakika tatu. Video hukatwa, na siku alizokosea huonyeshwi.

VIDEO INA MWISHO WAKE

Mbwa aliyekwishaanza kung'ata watu si wa kujaribia video. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na chanjo ya kichaa cha mbwa isikosekane. Ugonjwa huu dalili zake zikishaanza, mtu karibu hakika hufa. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji tiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali mara moja.

Wapo wanaosema mbwa akifundishwa atapoa, wezi watamzoea. Si kweli. Atabweka kama kawaida, tofauti ni kwamba ukimwambia 'Tulia' atanyamaza. Mbwa asiyeitika hata kwa mwenyewe huyo si mlinzi, ni hatari iliyofugwa.

Jioni ya leo, kabla hujafungua banda, weka vipande vichache mfukoni. Dakika tano tu!