Kufungua Saluni Marikiti: Usihesabu Umati, Hesabu Wanaorudi

Shuka matatu Digo Road, mbele ya soko la Mackinnon ambalo wenyeji wote wanaliita Marikiti. Soko hili lipo tangu 1914, na hadi leo ukiingia unapokewa na harufu ya iliki, mdalasini na matunda. Ukitoka, kata uelekee Langoni, halafu ingia vichochoro vya Mji wa Kale. Baada ya hatua chache utaanza kuona milango yenye pazia zito na kibao kidogo juu yake: saluni, hina, wanawake pekee.

Pazia lile linaeleza biashara yote. Mteja aliye ndani amevua buibui na mtandio kwa sababu anamwamini mwenye saluni. Na mtaa ni mdogo: mama mmoja akisukwa vizuri Jumamosi, kufikia Jumatatu habari imefika Kibokoni. Akichomwa na dawa ya nywele, habari inafika siku hiyo hiyo.

Tunajua miongoni mwenu mnaotumia pesa kwa simu wamo wasusi wanaotaka kufungua mahali pao wenyewe. Makala haya ni yenu. Tuna jambo moja tu la kuwaambia, mengine yote yanatokana nalo: siku ya ufunguzi haikuambii kama saluni itasimama. Anayekuambia ni mteja aliyerudi mara ya pili.

Umati haulipi kodi

Tuchukue mfano. Hesabu hii ni yetu ya kufundishia, wewe weka bei za mtaa wako. Dada amesukia watu nyumbani kwa miaka kadhaa. Amepokea zamu yake ya chama, ameongeza akiba yake, ana shilingi 180,000. Amepata chumba cha kodi ya 15,000 kwa mwezi.

- Dipoziti ya miezi miwili na kodi ya mwezi wa kwanza: 45,000
- Viti, vioo, draya na sinki ya kuoshea: 70,000
- Dawa, mafuta, shampuu na nywele za kusukia: 20,000
- Leseni ya kaunti na kibao: 15,000

Jumla ni 150,000. Zimebaki 30,000. Hapo ndipo mashoga wanaanza kushauri: "Shoga, leta tenti! Leta DJ! Kata keki, watu wajue umefungua!"

Ushauri una nia njema, lakini 30,000 ile ni kodi ya miezi miwili. Ni nafasi ya kukosea na kujirekebisha. Ukiimaliza kwa tenti na keki, mwezi wa pili ukipooza unaanza kukopa ili ulipe kodi, na michango ya chama bado inakusubiri. Hapo si saluni tu inayoyumba. Kuna wanachama wenzako wanaokuamini, na kesho utakutana nao sokoni.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata boksi moja la rasta, tenga kodi ya miezi miwili. Iweke mahali ambapo huigusi kila siku, kwa mfano kwenye akaunti ya akiba ya simu iliyofungwa kwa muda. Sherehe ifanyike kwa kitakachobaki. Kahawa chungu, halua na kaimati vinatosha kabisa kumkaribisha mtu Mji wa Kale.

Ofa ya nusu bei: piga hesabu kwanza

Ofa ya ufunguzi ambayo watu wengi huikimbilia ni nusu bei. Tuseme kuosha na kukausha nywele ni 500, na vifaa vinavyotumika ni 150. Bei kamili inakuachia 350. Nusu bei ni 250, inakuachia 100 tu.

Maana yake ni kwamba ukiwahudumia watu 40 kwa nusu bei umebakisha 4,000. Ukiwahudumia 12 kwa bei kamili umebakisha 4,200. Wale 40 wamekuchosha mikono, wamepanga foleni mpaka kichochoroni, na wengine wameondoka wamenuna kwa kungoja. Tena, waliokuja kwa sababu ya 250 watasema umepandisha bei siku utakapowaambia 500.

Afadhali ofa ya kurudi. Mteja analipa bei kamili leo. Unampa kadi ndogo: akirudi ndani ya wiki nne, anapunguziwa 100. Safari ya kwanza imekuachia 350, ya pili 250, jumla 600 kwa mtu mmoja. Ni sawa na vichwa sita vya nusu bei. Na zaidi ya pesa, umempa sababu ya kurudi wakati bado hajakuzoea.

Andika tarehe kwenye kadi. Kadi isiyo na tarehe husahaulika mkobani.

Picha ambayo huwezi kuiweka

Ukisoma ushauri wa biashara mitandaoni, utaambiwa upige picha za kabla na baada uziweke Instagram. Kwingine inafaa. Hapa kwetu, wateja wako wengi hawataki nywele zao zionekane na mtu asiye maharimu wao. Picha moja ikivuja, hata ya kisogo tu, umempoteza yeye, dada zake, shangazi zake na harusi zote za ukoo ule.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake, pamoja na picha, kwa matangazo. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Pesa hizo zingefungua saluni kumi za mfano wetu.

Basi utatangaza vipi? Suka kichwa cha bandia, kipige picha. Piga picha ya hina mkononi baada ya mwenye mkono kukubali. Onyesha kiti, kioo, taulo safi, na pazia lenyewe. Lile pazia ndilo tangazo lako kubwa: mama anataka kujua kwamba mlango hautafunguliwa ovyo yeye akiwa kichwa wazi. Weka pia sheria ndani: simu hazipigi picha kwenye viti, ziwe za wateja au za wasusi.

Halafu kuna tangazo lisilogharimu kitu, yaani mdomo. Mwalike jirani wa kushoto na wa kulia. Mwalike mama anayeuza viazi karai nje, fundi cherehani wa mtaa na mpambaji wa maharusi. Na yanayosemwa kwenye kiti yabaki kwenye kiti. Saluni yenye umbea hujaa haraka, lakini kila mteja akitoka anajiuliza atasemwa nini yeye.

Fungua ili mara ya pili iangukie msimu

Wengi hutaka kufungua siku mbili kabla ya Idd kwa sababu wanaona Biashara Street na Marikiti zimefurika hadi usiku wa manane. Ni kweli, kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya tarawehe, viti vya saluni havitoshi. Lakini atakayekuja kwako usiku huo amekuja kwa kukosa nafasi kwingine, na atakukuta hujui swichi ya draya iko wapi.

Fikiria kinyume chake. Fungua Rajabu au mwanzoni mwa Shaabani. Mteja aje mara ya kwanza kukiwa na utulivu, umhudumie vizuri. Mchana wa Ramadhani kazi itapoa, na akiba yako ya kodi itakushika. Kisha kumi la mwisho likiingia, anarudi kwa yule anayemjua. Baada ya Idd unaingia Mfunguo Mosi na harusi zilizokuwa zikisubiri mwezi upite. Kumbuka mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11, kwa hiyo usinakili tarehe za mwaka jana.

Ukiupitwa msimu huo, angalia kalenda ya shule. Wiki ya mwisho ya likizo mabinti husukwa mistari, na mama aliyemleta mtoto ndiye mteja wako wa mwezi ujao.

Jambo jingine la kujaribu mapema ni maji. Maji ya visima vingi kisiwani yana chumvi, na ya mfereji hayaji kila siku. Nunua tangi au madumu, zungumza na muuza maji wa mkokoteni, na uweke gharama hiyo ndani ya bei yako. Kumwosha mtu dawa kwa maji ya chumvi ni kumwambia asirudi.

Malipo: safisha njia ya pesa tangu siku ya kwanza

Hapa ndipo sisi tunaingia. Tangu pesa kwa simu ianze Kenya Machi 2007, tumezoea kuambiana "nitumie kwa simu." Kwa saluni, laini yako binafsi si mahali pazuri pa kupokelea mauzo. Pesa ya mteja itachanganyika na ya shule, ya dawa za mama na ya umeme, na mwisho wa mwezi hutajua kama saluni imeingiza au wewe umeitia mfukoni.

1. Chukua nambari ya till kabla ya ufunguzi. Iandike kwa herufi kubwa, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja, ili alithibitishe kabla ya kuweka namba ya siri.

2. Amini simu yako, usiamini ya mteja. Saluni ikijaa, mtu anaweza kukuonyesha ujumbe wa kughushi au wa juzi. Mwambie kwa adabu: "Ngoja kidogo mama, ujumbe haujaingia kwangu." Mteja mwaminifu haoni vibaya.

3. Namba ya siri ni yako peke yako. Msaidizi wako anahitaji kuona kwamba malipo yameingia. Hahitaji kuweza kuyatoa. Hata akiwa mdogo wako wa tumbo moja.

4. Bi harusi alipe arubuni. Kazi ya harusi inakufungia siku nzima. Pokea malipo ya kushika nafasi kupitia till, kisha mtumie ujumbe ulioandikwa: tarehe, huduma, kiasi alicholipa, kilichobaki, na itakuwaje harusi ikiahirishwa. Maneno ya mdomo husahaulika, na ugomvi wa harusi haufi upesi.

5. Jilipe mshahara. Chagua siku moja kila wiki, hamisha kiasi ulichopanga kutoka till kwenda laini yako. Ukitaka zaidi, subiri wiki ijayo. Ukimlipa msusi kwa kamisheni, mlipe kwa simu pia ili nyote muwe na kumbukumbu.

6. Omba namba, usiichukue. Mtu kukulipa hakumaanishi amekuruhusu kumtumia matangazo. Weka daftari: jina, namba, tarehe na alichofanyiwa, kwa anayekubali tu. Ujumbe wako uwe mfupi, na akisema basi, mfute.

Wiki ya nane, fungua daftari

Miezi miwili ikiisha, kaa chini jioni moja pazia likiwa limefungwa. Toa taarifa ya till uone kilichoingia. Kisha fungua daftari na uhesabu kitu kimoja: kati ya waliokuja mwezi wa kwanza, wangapi wamerudi?

Kama wanarudi, hata wakiwa wachache, saluni ina miguu. Sasa unaweza kuongeza kiti, au kufikiria msusi wa pili. Kama hawarudi, usikimbilie kutangaza zaidi, maana utawaleta wengine nao wasirudi. Mpigie mmoja mliyeelewana, umuulize kwa unyenyekevu: "Dada, kuna kitu hakikukupendeza?" Huenda ni kungoja sana. Huenda ni maji. Huenda ni jambo lililosemwa kwenye kiti. Mengi ya hayo yanarekebishika, almuradi ile kodi ya miezi miwili bado ipo na inakupa muda wa kuyarekebisha.

Kama bado huna till, mtembelee wakala wetu aliye karibu nawe ukiwa na kitambulisho, akueleze masharti na ada kabla hujajisajili. Muulize kila kitu. Biashara ni yako na jasho ni lako.

Tunakutakia ufunguzi mwema, na mara ya pili iliyo njema zaidi.