Lavabo ya jikoni ikiziba: tufungue chini, tusimwage soda juu



Mumezoea kusoma hapa habari za mbegu, za mbolea na za magonjwa ya migomba. Safari hii tunaingia jikoni. Tukipita kwenye koperative za Masisi na Walikale, kuna swali moja linaturudia kila mara: "Lavabo yetu imeziba, maji hayaendi, tufanye nini?" Wanaouliza ni mama wanaopikia watu siku ya mkutano mkuu, ni vijana wa chumba cha maziwa, ni wale wenye nyumba za kudumu pale senta. Wengi wenu munaosha vyombo nje, ndani ya beseni, na kuvianika juu ya kichanja. Hamuna tiyo ya kuziba, lakini maji machafu munayo, kwa hiyo sehemu ya mwisho ni yenu pia.

Tunaandika pia juu ya jambo lingine. Karibu kila mahali tulipoulizwa, mtu alikuwa amekwisha kumwaga kitu ndani ya tiyo: soda kostiki, javel, hata asidi ya batri ya gari. Hapo si tatizo la maji tena. Ni hatari ya macho na mikono.

Kinachoziba ni nini?

Tukifungua tiyo tunakuta ugandu mweusi, wenye kunuka, unaofinyangika kama udongo wa kutengeneza nyungu. Ndani yake kuna mafuta, kuna unga wa bugali, kuna mabaki ya sombe na ya maharagi, na kuna majivu na mchanga. Kusugua sufuria kwa majivu ni jambo zuri, majivu yanakata mafuta kweli. Lakini sehemu kubwa ya majivu haiyeyuki. Inazama mahali tiyo inapokunjika, inakutana na mafuta, na hayo mawili yanashikana kama mchanga na simenti.

Mafuta nayo yana tabia yake. Mawese yanakuwa maji-maji yakiwa na joto tu. Chini ya digrii 35 hivi yanaanza kuganda. Pale Walikale-centre, chini ya mita 1000, chupa ya mawese inakaa mezani ikiwa nusu kwa nusu: juu nyekundu inayotiririka, chini nzito na ya manjano. Mawese hayo hayo yakipanda mpaka kwenye vilima vya malisho vya Masisi, juu ya mita 2000, asubuhi munayachota kwa kijiko kama siagi. Sasa muyafikirie ndani ya tiyo, katika ukuta wa baridi. Mama anaosha sufuria na maji moto, mafuta yanashuka vizuri, lakini kabla ya kufika nje maji yamepoa na mafuta yameshika ukuta wa tiyo. Kesho yanashika mengine juu yake. Mafuta ya ng'ombe ni mabaya zaidi, yanaganda mapema kuliko mawese.

Ndiyo maana dawa ya Walikale haiwezi kuwa sawasawa na ya Masisi. Kwa watu wa Masisi mzibo uko mara nyingi karibu, chini tu ya lavabo, na ni mgumu. Kwa watu wa Walikale ni laini, unakaa mbali zaidi, pale tiyo inapotoka ukutani, na mara nyingi umeshikwa na nyuzi za sombe na miiba ya samaki.

Musipike sabuni ndani ya tiyo

Wale wanaotengeneza sabuni wanajua hesabu hii kuliko sisi: mawese, maji na soda kostiki, munapata sabuni. Basi mtu anayemwaga soda ndani ya tiyo yenye mawese anafanya nini? Anapika sabuni humo humo. Na sabuni ya soda ni sabuni ngumu. Soda ikiwa nyingi na maji kidogo, ile sabuni inakauka pale penye kona, na hapo hakuna kijiti wala maji vinavyopita. Juu ya mzibo mpya kunabaki maji ya soda, yametulia, yanaonekana kama maji ya kawaida.

Katika jiko moja tulimkuta mpishi amefungwa bandeji mikono yote miwili. Soda ilikuwa imemwagwa usiku na mtu mwingine. Yeye hakuambiwa. Asubuhi aliingiza mikono ili atoe maji yaliyosimama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, mbele ya kugusa kitu chochote, ni kuuliza: nani amemwaga nini humu? Kama hakuna mwenye kujibu, mufanye kana kwamba soda iko: glovu za mpira, miwani, nguo ya mikono mirefu, watoto wakae mbali. Javel isikutane na asidi, hata ile ndogo ya limau au vinegre, sembuse ya batri. Inatoa gazi ya klorini inayochoma kifua, na katika jiko lililofungwa gazi hiyo inaweza kuua. Asidi ikikutana na soda, inachemka na kuruka usoni. Soda ikiingia jichoni, ni maji safi, mengi, yanayotiririka, dakika 20 bila kuacha, kiisha kituo cha afya. Hakuna kutia mafuta, wala maziwa, wala limau.

Ginsi ya kufungua

Chini ya lavabo nyingi kuna sehemu ya tiyo iliyokunjika, au kikombe kidogo cha plastiki. Hiyo ni sifoni. Kazi yake ni kubakiza maji kidogo ili harufu, mende na hewa chafu ya shimo visipande jikoni. Tumeona nyumba ambazo fundi aliitoa "kwa sababu inaziba kila mara". Ni kweli inaziba: ni pale pamewekwa ili uchafu usimame karibu na mkono. Ukiitoa, uchafu unakwenda kusimama ndani ya ukuta, na huko hauwezi kuufikia bila kuvunja.

Muchote maji yote ya lavabo kwa kikombe, muyatie katika ndoo. Muweke beseni chini ya sifoni. Mufungue kwa mkono, kuelekea kushoto, bila haraka. Kama imekaza, mufunge kitambaa juu yake mbele ya kutumia koleo, maana plastiki inapasuka. Ndani mutaona kampira kadogo ka duara. Mukaweke mahali pa kuonekana! Tiyo nyingi zinazovuja baada ya kazi hii, ni kale kampira kamebaki katika beseni na kumwagwa nje na uchafu.

Sifoni yenyewe muikwangue na kijiti, kiisha muioshe na sabuni na maji ya moto. Mbele ya kuirudisha, muangalie tiyo inayoingia ukutani. Muingize bambu iliyopasuliwa nyembamba na kulainishwa ncha, ama ile kamba ya pori ya kusukia vitunga, ambayo inakunjika bila kuvunjika. Musukume, muzungushe, muvute. Kuvuta ni bora kuliko kusukuma: ukisukuma tu, unapeleka mzibo mbali. Waya ya chuma yenye ncha inatoboa PVC, na tundu la ndani ya ukuta mutalijua siku ukuta utakapoanza kulia maji.

Maji ya moto yanasaidia, lakini si yale yanayochemka. PVC inaanza kulegea karibu na digrii 80. Huko juu Masisi maji yanachemka mapema, karibu na digrii 93 pale penye mita 2000, na wengine wanasema kwa hiyo hayana nguvu. Kwa tiyo bado ni makali sana. Muchanganye: maji mawili yaliyochemka, moja ya baridi. Mumwage lita tano kwa mkupuo, si kijiko-kijiko, maana ni uzito wa maji unaosukuma. Kama munapenda dawa ya nyumbani, mupitishe maji katika majivu ya kuni ndani ya kitambaa. Yale maji ya utelezi yanayotoka yanalainisha mafuta pole pole. Nayo yanachoma ngozi kidogo, muvae glovu.

Kama hakuna sifoni, kama zile lavabo za simenti zenye tiyo iliyonyooka mpaka nje, muanze kwa nje. Mtu mmoja anavuta na bambu kule tiyo inapoishia, mwingine anamwaga maji ndani. Mtu akimwaga kwanza, atajaza jiko.

Kuna tiyo zilizokaa bila kazi. Wengi kati yenu mumekimbia na kurudi, na nyumba ilikaa miezi bila mtu. Maji ya sifoni yamekauka, mafuta yamekuwa kama jiwe, panya wameingiza majani. Hapo musijaribu kulainisha. Mutoe sifoni na kipande cha kwanza cha tiyo, mukiloweshe usiku kucha katika maji ya sabuni, na kama hakifunguki, kipande kipya cha PVC ni bei rahisi kuliko jicho.

Chumba cha maziwa

Watu wa jibini wana mzibo wa aina yao. Lita 10 za maziwa zinatoa kama kilo moja ya jibini. Karibu lita 9 zinabaki kuwa maji ya jibini. Yakimwagwa katika lavabo yanachacha ndani ya tiyo, maziwa yaliyobaki humo yanashikana, na harufu yake inaita nzi mpaka juu ya meza ya kazi. Na yale maji ni chakula. Nguruwe wanayapenda, na hata ndama wanaweza kuyazoea pole pole. Hatuelewi kwa nini koperative inanunua chakula cha nguruwe huku inamwaga kingine katika shimo.

Vyombo vya maziwa vioshwe kwanza na maji ya baridi au ya vuguvugu, kiisha ndiyo maji ya moto na sabuni. Mukianza na maji ya moto, maziwa yanapikika na kushika chombo, na tiyo vilevile.

Mteremko, na nivo A

Kuna lavabo inayoziba kila mwezi hata ikisafishwa namna gani. Mara nyingi kosa ni la mteremko. Tiyo inahitaji kushuka sentimita 2 hivi kila mita. Ikilala sawa, mafuta na majivu yanakaa humo.

Kupima munajua tayari. Ile nivo A ya vijiti vitatu na jiwe la kamba, tunayochorea mistari ya kuzuia mmomonyoko, inafanya kazi juu ya tiyo pia. Kama miguu yake imeachana mita 2, muweke kipande cha ubao cha sentimita 4 chini ya mguu wa upande wa kushuka. Kamba ikikaa katikati, mteremko ni sawa. Ikienda upande wa lavabo, tiyo haishuki vya kutosha, na fundi arudi.

Maji yanakwenda wapi?

Hii ni kwa wote, wenye lavabo na wenye beseni. Maji ya vyombo yakisimama nyuma ya jiko yanaleta nzi, na nzi hao hao wanakuja juu ya sahani za watoto. Yasimame kwanza katika mtego wa mafuta, nao unatengenezwa na bido la lita 20. Mulikate juu. Upande mmoja, karibu na juu, mutie tiyo ya kuingiza. Upande wa pili, chini kidogo ya ile ya kwanza, mutie tiyo ya kutoa yenye kona inayotazama chini, mdomo wake uzame ndani ya maji na ubakize upana wa mkono mpaka chini ya bido. Mafuta yanaelea, majivu yanazama, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka. Kule Masisi baridi inasaidia, mafuta yanakuwa kifuniko unachokitoa kwa mkono wenye glovu. Walikale joto linayaacha laini, kwa hiyo muunganishe mabido mawili. Hayo mafuta muyafukie katika mbolea ya takataka, kidogo kidogo, pamoja na majani makavu mengi.

Kutoka hapo maji yaende katika shimo lililojazwa mawe, na migomba pembeni. Shimo liwe chini ya mteremko, mita 30 au zaidi kutoka kwa chemchemi. Musimwagilie mboga zinazoliwa mbichi. Machipukizi ya migomba muyatoe katika shamba lisilo na mnyauko, ule tunaouita kirabiranya, ambao uko Masisi tangu 2001 hivi, na panga lipite motoni mbele ya kukata. Siku munayosafisha jiko na javel nyingi, mugeuze maji yaende pengine, maana migomba haiipendi.

Wiki ya kwanza mufunue bido kila siku ili mujue linajaa kwa siku ngapi. Jiko la watu sita na jiko la mkutano mkuu havijazi sawa. Kiisha mupange zamu, na jina la mwenye zamu liandikwe ukutani, karibu na lavabo, pamoja na maneno haya: hapa hakuna kumwaga soda.